Pima kabla hujafungua: niliyoongea Tabata kuhusu kufufua injini iliyochoka kwa hela ndogo

Jumapili tulikutana pale gereji Tabata, madereva wa teksi za mtandao, wenye magari yao binafsi na vijana wanaojifunza ufundi. Wengi mlinitumia meseji kwamba mlibanwa, wengine mlikuwa barabarani mnatafuta hesabu ya siku, kwahiyo nimeandika yote kama nilivyoongea. Michoro niliyochora ubaoni ndio imebaki kule kule ubaoni.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Vijana, mambo. Asanteni kwa kuja na jua hili, najua Jumapili kwa dereva ndio siku ya harusi na kanisani na ufukweni, hela ipo nje na nyie mmekaa hapa kwenye mabenchi yenye grisi.

Naanza na swali. Nani hapa gari yake inakula oili? Nyoosheni mikono, hakuna aibu. Haya, zaidi ya nusu. Sasa mlionyoosha bakini na mikono juu, nani kati yenu amewahi kupimiwa kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, kabla hajaambiwa ashushe injini? Mmoja. Mzee pale nyuma. Mmoja tu ndugu zangu, na wote mmeshapigiwa bei ya ovaholi, ya kufungua injini nzima na kuitengeneza upya! Mtu amesikiliza injini kwa sikio, ameangalia moshi, amekwambia shusha. Na wewe ukaenda kukopa kwenye kikoba.

Ndio maana nimewaita. Nina jambo moja tu na nitalirudia mpaka mchoke, pima kabla hujafungua. Ukiwa na hela nyingi unaweza kubahatisha, unabadilisha kila kitu na kimojawapo kitakuwa ndicho. Ukiwa na hela ndogo huna ruhusa ya kubahatisha. Huna kabisa.

Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu wa Segerea, ana Carina Ti yenye injini ya 5A, anaipenda ile gari kama mtoto wa mwisho. Ilikuwa asubuhi akiwasha inatoa moshi wa bluu, wingu zito, majirani wanafunga madirisha, halafu dakika mbili tatu moshi unaisha na gari inakwenda vizuri tu. Akaambiwa ringi, zile pete za pembeni ya pistoni, zimekwisha, shusha injini, piga ovaholi kamili. Alikuja kwangu na ile karatasi ya makadirio ameikunja mara nne kwenye pochi, na nilipoikunjua niliona karibu pensheni ya miezi kadhaa imeandikwa pale.

Nikamwambia mama hebu tupime kwanza. Injini ikapashwa moto, tukatoa plagi zote nne, tukakata moto wa plagi na mafuta, mmoja akakanyaga pedeli mpaka chini, tukapiga stata na geji ikiwa kwenye tundu la plagi. Silinda ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu, ya nne, zote zinakaribiana. Tukaweka kijiko cha oili kwenye kila silinda tukarudia, kipimo kikapanda kidogo sana. Mnaelewa maana yake? Ile oili inaziba pembeni ya pistoni kwa muda, kwahiyo ringi zikiwa zimekufa kipimo kinaruka juu. Kisipobadilika halafu kipimo chenyewe kilikuwa chini toka mwanzo, tafuta kwenye valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao. Na zikiwa nzima zote kama za huyu mama, acha ringi za watu zikae zilipo.

Moshi wa asubuhi unaoisha wenyewe ni wa valvu sili. Zile mpira zinakauka kwa joto la miaka, gari ikilala oili inashuka polepole kwenye shina la valvu mpaka ndani, asubuhi ndio inaungua. 5A ina valvu kumi na sita kwahiyo ni sili kumi na sita, na hedi hatukuitoa! Tuliingiza kamba laini safi kwenye tundu la plagi, tukazungusha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa mkono taratibu mpaka pistoni ikaibana ile kamba juu na kamba ikazishikilia valvu zisidondoke, tukafungua springi tukabadilisha sili moja moja. Ukiwa na kompresa unaweza kutumia upepo, ila kamba haihitaji umeme. Siku moja na nusu. Yule mama alilia pale, na mimi nilikasirika sana, sikukasirikia mtu mmoja, nilikasirikia mazoea yetu ya kumshushia mtu injini kwa sababu hatukuwa na geji.

Na kabla ya sili kuna kitu rahisi zaidi, valvu ya kupumulia injini, ile PCV. Ikiganda, injini inavuta oili kupitia manifodi na unaona moshi ule ule. Itoe, itikise, isikike inacheza ndani. Wangapi mmeshushiwa injini kwa ajili ya kidude cha ukubwa wa kidole? Sitaki hata kujua.

Haya. Sasa tuseme umepima na kweli ni ringi. Injini ya 1NZ ya Toyota IST ikiwa na afya inasoma presha kama psi 210 hivi, Toyota wanasema ikishuka chini ya 156 imechoka, na kati ya silinda na silinda tofauti isizidi kama 14. Umepima umekuta 140, 120, ukaweka oili ikaruka juu. Hapo shusha. Lakini hata ukishashusha, kupima hakujaisha, ndio kwanza kunaanza.

Kuna kijana wa teksi ya mtandao alikuja na IST yenye kilomita za kutosha, dashibodi ilisema 268,000 na mimi niliamini maana kiti cha dereva kilikuwa kimekaa kama kikapu. Inakula lita ya oili kwa wiki. Injini ile inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, sasa piga hesabu, wiki mbili akisahau kuongeza ni zaidi ya nusu imeondoka. Mfukoni ana laki nane na gari ndio inalisha nyumba ya watu watano. Nifanyeje fundi?

Tukashusha. Ringi za oili zilikuwa zimeganda kwenye mifereji ya pistoni kwa masizi, hazichezi, na vitundu vya kurudishia oili vimeziba. Hiyo inatoka kwenye kuchelewesha kumwaga oili, hakuna uchawi. Premio na Wish zenye injini za 1ZZ za mwanzo ugonjwa huo ulikuwa wa kuzaliwa kabisa, vile vitundu vilikuwa haba, na baadaye Toyota wakabadilisha muundo wa pistoni. Lakini 1NZ ya huyu kijana iliuawa na kuchelewesha oili.

Hapo ndipo fundi mwingine anasema nunua pistoni mpya, peleka bloki, ule mwili wa injini wenye silinda, ikachimbwe silinda zipanuke. Ngoja kwanza! Bloki ya 1NZ ni alumini, ndani ina slivu nyembamba za chuma, ndizo kuta za silinda, Toyota hawakuitengeneza ichimbwe na hawatoi pistoni za ovasaizi, zilizo kubwa kuliko za kiwandani, kama ile injini ya 3S ya chuma ambayo unachimba unaweka pistoni iliyozidi milimita 0.50 maisha yanaendelea. 1NZ ikiliwa kweli kweli ni kuvalishwa slivu mpya kwa fundi wa mashine anayeijua kazi, au kutafuta bloki nyingine. Kwahiyo kabla ya kusema chochote tulipima kila silinda sehemu tatu, juu, kati na chini, na kila sehemu mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Pistoni ya injini ile ni milimita 75 na silinda ikawa bado ndani ya kipimo, hata michirizi ya kiwandani ilikuwa inaonekana kwa chini.

Tukabaki na pistoni zake, tukazisafisha mfereji kwa mfereji kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, tukazibua vitundu. Krenki tukaipima kwa maikromita, nzima, ikabaki. Cheni na kikaza cheni tukavikagua, vikabaki. Hela yote ya spea ikaenda kwenye ringi mpya, beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, valvu sili, seti ya gasketi, bolti za hedi, filta na oili. Hedi ikapitishwa rula ya chuma na geji ya mabati ya kupimia mwanya, ikipinda zaidi ya 0.05 mm inaenda kusagwa, yake ilikuwa imezidi kidogo ikaenda. Valvu tukazisaga kwa mkono na dawa yake, kijana mwenyewe alikaa siku nzima anazungusha kile kijiti, hiyo ni hela ameiokoa kwa kiganja chake. Laki nane ikatosha na ikabaki ya nauli.

Mmeona ilipookolewa hela? Haikuokolewa kwenye spea ya bei chee, iliokolewa kwenye vitu tulivyothibitisha kwa kipimo kwamba ni vizima. Beringi usinunue ya kubahatisha. Nywele ya kichwani ina unene wa karibu 0.07 mm, na nafasi ya oili kati ya krenki na beringi ya konrodi kwenye injini hizi ndogo ni pungufu ya hapo. Pungufu ya nywele! Wewe unaniambia umeshika kwa mkono ukatikisa ukaona iko sawa? Mkono wa nani unaona hiyo?

Vijana naomba hapa mnisikilize zaidi, nawaambia kosa langu. Miaka ya mwanzo nilibadilishia mzee mmoja ringi kwenye Hiace yake ya daladala. Silinda zilikuwa zinang'aa kama kioo, nikaona uzuri, nikaweka ringi mpya hivyo hivyo, sikuhoni, yaani sikuukwaruza ukuta wa silinda, sikupima mdomo wa ringi, ule mwanya kati ya ncha zake. Mwezi haukuisha moshi ukarudi. Ringi mpya inahitaji ukuta wenye mikwaruzo midogo iliyopishana ili isagane nao na oili ipate pa kukaa, kwenye kioo inateleza tu. Na mdomo wa ringi unapimwa, unaiingiza peke yake kwenye silinda, unaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, unapitisha geji. Kwenye 1NZ ile ya juu ni robo milimita kwenda 0.35. Ikibana sana itapanuka kwa joto ncha zigongane, ivunjike, ikwangue silinda. Yule mzee nilimrudishia hela ya ufundi na nikafanya upya, lakini siku zake ambazo daladala ililala sikuweza kumrudishia. Bado nikipita Buguruni nikaona Hiace ya rangi ile namkumbuka.

Jambo lingine ni silikoni, ile gundi ya kuziba mavujo. Nawaomba, nawaomba sana vijana, silikoni sio siagi!

Kuna Noah ya 3S ilitengenezwa vizuri kabisa, krenki imechongwa, beringi mpya za saizi ya 0.25, kazi ya mashine safi. Wiki ya pili ikanoki ikiwa inaelekea Bagamoyo. Ikaletwa kwangu kwa kamba, mwenye gari hana sauti. Tukafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukatoa chujio la pampu ya oili, limejaa minyoo ya silikoni. Aliyefunga sampu alipaka kama anapaka mkate, akakaza bolti, nusu ikatoka nje na nusu ikatoka ndani. Ya nje ukaiona ukaifuta ukasema pasafi. Ya ndani ikakatika vipande, oili ikaibeba mpaka kwenye chujio, pampu ikakosa cha kuvuta, beringi zikakauka. Krenki iliyochongwa juzi ikaliwa tena. Uzi mwembamba wa milimita mbili tatu unatosha, pitisha ndani ya matundu ya bolti, subiri kadiri chupa inavyosema, ndio uweke oili. Na njia za oili za krenki na bloki zipitishwe brashi na upepo kabla ya kufunga, fundi wa mashine akichonga chuma vumbi la chuma linabaki mule na haliondoki kwa kufuta na kitambaa.

Bolti za hedi nazo. Kwenye 1NZ unakaza newton mita 29, halafu robo mzunguko, halafu robo mzunguko tena, kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje. Zile bolti zinavutika kama mpira zikifanya kazi, ndio maana zilizorefuka hazirudishwi. Kama huna spana ya torki azima. Kwani sisi mafundi hatuazimani? Tunaazimana hata viatu vya harusi.

Sasa tuje kwenye joto. Mimi nikipokea injini iliyokufa nauliza kwanza iliuawa na nini, maana ukiifufua ukairudisha kwa muuaji yule yule umefanya kazi bure. Na Dar hapa muuaji mkubwa ni kuchemsha. Foleni ya Mandela saa kumi jioni, joto, kiyoyozi kimewashwa, abiria wanne. Ukifungua rejeta unakuta nini? Maji ya kisima! Jamani, wengi wetu tunajua ladha ya maji ya visima vya mji huu, ukinywa chai yake unajua. Ile chumvi inakula alumini. Hedi nyingine nikizifungua njia za maji zimetobolewa kama mhogo uliopekechwa na wadudu, hata ukisaga hedi mara ngapi gasketi haina pa kukalia. Weka kuluenti, yale maji maalum ya rejeta, na kama huna uwezo leo basi weka hata maji ya kunywa ya dukani kwa muda lakini ya kisima hapana.

Na thamostati, ile valvu inayozuia au kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Nani amewahi kuambiwa atoe thamostati kwa sababu Dar ni joto? Mikono... naona. Ndugu zangu thamostati haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Inaifikisha injini kwenye joto lake mapema na kuibakisha hapo. Ukiitoa injini inakaa chini ya joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi inamwaga petroli zaidi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na zile ringi ulizonunua kwa jasho zinaisha. Na injini nyingine ukiitoa maji yanazunguka njia ya mkato bila kupita vizuri kwenye rejeta, inachemsha zaidi! Kama gari inachemsha tafuta sababu, rejeta imeziba, feni haifanyi kazi, kifuniko hakishiki presha, pampu ya maji imekufa. Usiikate thamostati kichwa kwa kosa la feni.

Ukishafunga, siku ya kuwasha usiwe na haraka. Kata moto wa plagi na mafuta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndio uwashe. Wengine wanaiacha inaunguruma sailensi, bila kukanyagwa pedeli, kutwa nzima wanasema inazoea, hapana, ringi zinahitaji mzigo ndio zikae, ukiiacha sailensi unapata ule ukuta wa kioo niliousema. Ikipata moto, kagua kama inavuja, ingia barabarani, panda na kushuka mwendo, usiikamue na usiende mwendo mmoja masaa. Oili ya kwanza imwage kati ya kilomita 500 na 1000. Kuna kaka alifunga injini tarehe 20 Desemba, tarehe 21 akapakia familia na mizigo ya sikukuu akaelekea Moshi mguu chini, nilimwambia wiki moja tu kaka, akasema mama anasubiri. Walifika kwa basi.

Mzee mmoja aliniuliza pale pale, fundi si bora ninunue tu injini ya mtumba ya Japani niachane na mambo haya? Mzee wangu, mara nyingine ndio bora, konrodi ikishatoboa bloki, au slivu zimeliwa na fundi mzuri wa slivu humpati, mtumba una akili zaidi. Lakini ile injini nayo hujui ilikotoka ilitembea kilomita ngapi, kwahiyo ipime ikiwa chini, kompresheni, fungua kifuniko cha juu uone masizi, fungua sampu uangalie kama kuna chenga za beringi. Na kumbuka namba ya injini ipo kwenye kadi, ukibadilisha lazima ukarekebishe TRA, usije ukasumbuka siku ya kuuza. Mimi gari ya mteja nikiipima nikakuta bloki nzima na krenki nzima siwezi kumshauri atupe kitu anachokijua achukue asichokijua.

Basi nimeongea sana na jua limegeuka. Ile meza pale nimeweka bloki ya 1NZ imeoshwa, maikromita iko kwenye sanduku la mbao, geji ya silinda iko pembeni yake, ringi moja mpya ipo kwenye karatasi msiiguse na mikono yenye mchanga. Madereva na nyie njooni, sio vijana peke yao, mjue fundi anapokwambia silinda imeliwa anatakiwa akuonyeshe namba gani. Tunaanza silinda ya kwanza, juu, kati, chini. Wewe dada wa Vitz, njoo ushike maikromita.